Liyongo mwenye mabawa: namna ya kumtunga rubani wa kivita

Swali kutoka kwa mwalimu wa fasihi, Kibiti: "Ninatunga utenzi kuhusu marubani wa kivita kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Nimefika ubeti wa 40, lakini kila nikisoma naona rubani wangu ni Fumo Liyongo aliyeota mabawa: haogopi, hachoki, hakosei. Wanafunzi wanapiga makofi, ila mimi mwenyewe simwamini. Nianze wapi kurekebisha? Na nitajuaje kwamba masimulizi ninayosoma juu ya watu hawa ni ya kweli?"

Pamoja na swali, mwalimu alituma beti zake, na huu ndio wa kwanza:

Rubani simba wa anga
Hakuogopa mizinga
Adui aliwatwanga
Wote wakatetemeka.

Jibu

Mwalimu, mizani yako imekaa sawa, nane kila mstari, na vina havina kasoro. Kabla hujamfukuza Liyongo kwenye utenzi wako, rudi umsome tena, maana ana jambo la kukufundisha. Wengi tunamkumbuka kwa kimo na kifua, tukasahau anavyofanya kazi. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo havunji gereza kwa mabavu. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake. Mama anaoka mikate mizuri kwa ajili ya walinzi na mkate wa wishwa wa mfungwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Walinzi wanakula vilivyo vitamu, cha makapi wanamwachia mwenyewe. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, matoazi na vigelegele vinapanda, na chini ya kelele hiyo tupa inakereza chuma bila kusikika. Hata pale wenzake walipopanga kila mtu apande mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamlenge mishale akiwa juu, hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini.

Kila hatua hapo ni ya mtu anayepima: nani atakula nini, sauti ipi itafunika ipi, mkono upo wapi adui anapolenga. Kisha kuna kitovu. Mtu huyu asiyedhurika kwa silaha ana mahali pamoja panapopenyeka sindano ya shaba, na anayepajua ni mwanawe. Kwa hiyo Liyongo ana vitu viwili ambavyo rubani wako hana: kazi na kitovu. Mpe hivyo viwili kwanza. Mengine yatafuata.

Kwa upande wa kazi, huna haja ya kwenda mbali, kwa sababu kisa kinachokufaa kuliko vyote kilitokea mtoni kwenu.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba, iliingia na kujificha katika delta ya Rufiji. Kutoka baharini ilikuwa vigumu kuiona, mikoko iliifunika. Waingereza wakamwajiri rubani raia, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege-mashua aina ya Curtiss. Novemba mwaka huo aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, akaiona meli kutoka angani. Sikiliza mambo yaliyomsumbua: safari ya kwanza alipotea kwa kukosa dira, kisha rejeta ya injini ikaharibika, ikabidi meli ya Waingereza iende Mombasa kuleta rejeta ya gari la Ford ifungwe badala yake. Desemba injini ilimshinda, akatua deltani na kutekwa.

Ndege zilizoletwa baadaye nazo ziliteseka. Wakati ule ndege ilikuwa mbao, turubai na gundi. Katika unyevu wa Rufiji gundi ililegea, mbao zikapinda, mapangaboi yakaharibika. Hewa yenyewe pia ni adui: kwenye usawa wa bahari hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa kama asilimia 5 kuliko hewa ya nyuzi 15, hivyo bawa linapata mshiko mdogo na injini inavuta pumzi haba. Ndege iliyopaa vizuri Uingereza ikiwa na watu wawili na mafuta ya kutosha, huku iligoma kupanda. Weka hayo kwenye utenzi. Mwanafunzi wa Kibiti anaujua unyevu huo. Chumvi ikilowa jikoni, anaelewa gundi inavyolegea.

Julai 1915 zikaja meli mbili bapa zenye mizinga mizito, Severn na Mersey, zisizohitaji kina kikubwa cha maji. Ziliingia mtoni na kupiga kutoka umbali wa kilomita kama 10, juu ya mikoko, bila kumwona adui. Macho yao yalikuwa ndege iliyopaa kutoka uwanja uliofyekwa Mafia. Ndani yake watu wawili: rubani, na mwangalizi mwenye mtambo wa simu ya upepo. Mwangalizi anatazama kombora linapoangukia, anapiga herufi za Morse kwa kidole: limepita, limepunguka, kulia, kushoto. Mpiga mzinga anasahihisha na kupiga tena.

Tarehe 6 Julai jambo hili lilishindikana, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikipende kisa hiki. Meli zote mbili zilipiga kwa pamoja. Mwangalizi akiona maji yanaruka hakujua ni kombora la meli ipi. Akituma sahihisho, meli isiyohusika nayo inahamisha mzinga. Makombora zaidi ya 600 yalifyatuliwa, yaliyofika yakahesabika kwa vidole. Walirudi, wakaketi, wakakubaliana: siku nyingine meli moja tu ipige kwa wakati mmoja.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 11 Julai. Rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold walikuwa juu ya Königsberg, na Severn ndiyo iliyokuwa ikipiga. Makombora yakaanza kufika. Hapo vipande vya kombora la Wajerumani vikaipata ndege, injini ikafa. Aina ile ya ndege, Farman, ina injini nyuma na wahudumu mbele, hawana kitu cha kuwakinga zaidi ya upepo. Cull akaielekeza pua chini ili isipoteze kasi, akitafuta maji karibu na Mersey. Arnold alituma ujumbe kwamba wamepigwa na mashua iletwe. Kisha, katika dakika zilizobaki za kushuka, akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha, hadi makombora ya Severn yakawa yanaangukia pale yanapotakiwa. Ndege ilipogonga mto ilipinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki chini ya maji akiwa amenaswa na mikanda ya kiti, na mwenzake akasaidia kumtoa. Mashua ya Mersey ikawaokota. Siku hiyohiyo nahodha Max Looff aliamuru Königsberg ilipuliwe na watu wake wenyewe.

Sasa linganisha na "simba wa anga". Katika dakika zile Arnold hakumtwanga mtu. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe, jicho lake kwenye maji yanayoruka, na akili yake kwenye hesabu ya mita. Ushujaa wake haukupiga kelele. Jaribu hivi, kwa bahari (kina cha mwisho wa ubeti) ileile ya "ka" uliyoichagua:

Injini ilipozima
Ndege yashuka kwa hima
Kidole hakikukoma
Shabaha kuipeleka.

Hakuna sifa hata moja ndani ya ubeti huo, wala neno "shujaa" halimo. Msikilizaji atalisema mwenyewe. Na mstari wa tatu una kina cha "ma" bila kulazimishwa, kwa sababu kitenzi kimetoka kwenye kazi yenyewe. Utagundua ukishika kazi ya mtu, vina vinakuja vyenyewe. Ukishika sifa zake, unaishia kwenye anga, mizinga na kutwanga, maneno ambayo kila mtu ameshayachosha.

Tuje kwenye kitovu. Kila ndege ina chake, nawe lazima ukijue kabla hujaandika beti mbili. Chukua Spitfire ya mwaka 1940, ile iliyolinda anga ya Uingereza. Tangi lake la mafuta, lita zipatazo 386 katika sehemu mbili, lilikaa mbele ya rubani, baina ya injini na paneli ya geji. Risasi ikitoboa pale na moto ukashika, upepo wa mbele unauleta moto moja kwa moja usoni na mikononi mwa aliyeketi. Ndiyo maana waliopona walikuwa na majeraha ya aina moja: kope, pua, vidole. Richard Hillary alitunguliwa tarehe 3 Septemba 1940 akaungua namna hiyo. Daktari Archibald McIndoe wa East Grinstead alimtengeneza kope na midomo upya kwa ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Hillary aliandika kitabu chake, kikatoka 1942, kisha akalazimisha arudi kuruka ilhali mikono ilikuwa haijapona sawasawa. Alikufa katika ajali ya mazoezi ya usiku, Januari 1943. Ukimtunga mtu kama yeye, mwonyeshe anavyoshindwa kufunga kifungo cha shati. Hiyo ni sindano ya shaba.

Pamoja na kitovu kuna muda. Spitfire ile ilikuwa na bunduki nane za rashasha, kila moja risasi 300. Ukikamata kitufe bila kuachia, zote 2,400 zinaisha kwa sekunde kama 15. Kwa hiyo vita vyote vya rubani huyo kwa safari nzima ni sekunde 15, na wengi walizigawa katika mapigo ya sekunde mbili au tatu. Beti zako nane za rubani "akimimina risasi hadi magharibi" haziwezekani. Naye aliyewahi kukaa kwenye kiti kile akizisikia atacheka.

Usiwasahau wa ndege za mabomu. Ushujaa wao ni wa namna nyingine na ni mgumu kuutunga, kwa sababu ni wa kurudia. Lancaster ilibeba watu saba, na duru moja ya kazi ilikuwa safari 30. Katika kamandi ya mabomu ya Uingereza walikuwamo wahudumu wapatao 125,000, na waliokufa ni 55,573. Liyongo anakufa mara moja, akiwa amepiga goti kisimani na mshale kwenye upinde, na watu wa mji wanaogopa siku kadhaa kuteka maji. Hawa waliketi mezani kupata kifungua kinywa wakitazama viti vilivyobaki vitupu, halafu wakapanda tena. Utenzi unaweza jambo hilo kuliko riwaya, kwa kuwa una ubeti unaojirudia: andika safari ya 1, ya 9, ya 22, maneno yaleyale, ukibadilisha idadi ya vikombe tu.

Sasa swali lako la pili, ukweli wa masimulizi. Hapa nataka uwe mkali, hata kwa wale unaowapenda.

Mfano bora unapita Dar es Salaam. Roald Dahl, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa vitabu vya watoto, alifika huko 1938 kuifanyia kazi kampuni ya Shell, akajifunza Kiswahili. Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akajifunza kuruka kwa Tiger Moth. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kichwa kikichungulia juu ya kioo cha upepo. Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa Gladiator, ndege ya mabawa ya tabaka mbili, aipeleke kwa kikosi chake katika jangwa la Misri. Alijaza mafuta mara ya mwisho Fuka na kuelekezwa mahali kikosi kilipo. Mahali penyewe palikuwa si penyewe. Jua likazama, mafuta yakakaribia kwisha, uwanja hauonekani. Akaamua kutua mchangani, magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikaanguka na kuwaka. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, akakaa majuma kadhaa haoni.

Agosti 1942 jarida la Marekani, Saturday Evening Post, lilichapa kisa hicho kwa kichwa kinachosema alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa, na Mersa Matruh, ambako ajali ilitokea jirani yake, ni Misri. Kichwa kimoja, makosa mawili. Mwaka 1986, katika kumbukumbu zake, Dahl alieleza mambo yalivyokuwa. Mimi naona kisa cha kweli kina nguvu zaidi: kijana wa miaka 24 hana adui angani, ana ramani, saa na geji ya mafuta, na amri isiyo sahihi iliyotolewa kwa nia njema. Jarida lilitaka adui kwa sababu lilidhani bila adui hakuna shujaa. Utenzi wako una ugonjwa huohuo kuanzia mstari wa tatu wa ubeti wa kwanza.

Ndege "zilizotunguliwa" zihesabu kwa uangalifu. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza wametungua ndege 185 za Kijerumani. Nyaraka za Wajerumani wenyewe zilipopatikana, idadi ilikuwa kama 60. Si lazima mtu awe mwongo. Marubani wawili au watatu wanaipiga ndege moja katika sekunde zilezile, kila mmoja anaiona inaanguka, kila mmoja anaiandika kuwa yake. Messerschmitt, ndege ya kivita ya Wajerumani, ikipiga mbizi huku imefunguliwa mafuta yote, inaacha moshi mweusi, na aliye nyuma anadhani inawaka. Inaingia wingu, haionekani tena, kumbe inarudi nyumbani. Kinyume chake pia kipo: Pat Pattle wa Afrika Kusini, aliyeuawa juu ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, huenda ndiye aliyetungua nyingi kuliko wenzake wote wa upande wake, lakini madaftari ya kikosi yalipotea katika kukimbia Ugiriki, na hesabu kamili haitajulikana.

Kwa hiyo ukisoma sifa ya rubani, tafuta kwanza kitabu chake cha saa za kuruka: tarehe, aina ya ndege, dakika. Kisha shajara ya kikosi ya siku ileile, taarifa aliyoandika mara baada ya kutua, na mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, orodha ya hasara ya upande wa pili. Zikigongana, amini ile iliyoandikwa mapema zaidi na isiyo na sababu ya kujisifu. Marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee walisifiwa miaka mingi kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Nyaraka za jeshi la anga la Marekani zilipochambuliwa zilionyesha zilipotea 27, idadi iliyo chini sana ya wastani wa vikosi vingine vya kusindikiza. Sifa ya kwanza huvunjika akitokea mtu mmoja mwenye karatasi. Hii ya pili haivunjiki, na wale watu walistahili hii.

Kuna swali moja hukuuliza, ila wanafunzi wako watauliza: hawa ni mashujaa wa nani? Cull na Arnold walikuwa wakipigania dola lililotaka kuchukua nchi hii kutoka kwa dola jingine. Usilifiche. Baada ya Königsberg kuzama, mizinga yake kumi ilitolewa majini na kukokotwa hadi nchi kavu kwa mikono na mabega ya Waafrika, ikatumika kwenye vita vya bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na wanafunzi wakienda ziara waushike. Wapagazi waliokufa katika vita vile walikuwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya jeshi lao, Carrier Corps. Mapokeo yetu ya tenzi za vita yanaruhusu kuona pande zote. Hemedi Abdallah el Buhriy alivitunga vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, pale Mrima kwa macho ya waliovamiwa, na Shaaban Robert alitumia beti 3,000 kwa vita vya 1939 hadi 1945. Humo wamo wakubwa na wadogo. Rubani wako hapungui kimo ukimweka mpagazi kwenye ubeti unaofuata.

Kazi ya kuanza nayo kesho ni hii. Beti 40 zile zichukue na kalamu nyekundu, ufute kila mstari ambao ungeweza kumhusu pia mwanariadha, mwanasiasa au simba. Nakisia zitabaki kama 15. Palipobaki wazi usijaze haraka. Majigambo ya kabla ya kupaa, ambayo kwa kawaida hula beti saba au nane, yaondoe yote, na mahali pake mweke fundi pale Nyororo, jua la Novemba mgongoni, anafunga rejeta ya gari la Ford kwenye chombo kinachotakiwa kuruka, na matundu ya nati hayalingani.